Wavu wa Kuchomea Nyama Ulianza Lini?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, katika parokia yetu sanamu ya Mtakatifu Laurenti imeshika wavu wa chuma unaofanana kabisa na ule wa kuchomea nyama. Je, kifaa hicho kilikuwapo zama hizo? – Msomaji, Morogoro.

JIBU: Kilikuwapo, tena kwa umbo ambalo mchoma nyama wa leo angelitambua mara moja. Warumi walikiita craticula, na katika magofu ya Pompeii, mji uliofukiwa na majivu ya mlima Vesuvius mwaka 79, zimepatikana nyavu za chuma zenye fito zilizolazwa sambamba na miguu mifupi ya kuziinua juu ya makaa, ili nyama iive bila kulala motoni. Shemasi Laurenti aliuawa Roma mwaka 258. Mapokeo yanasema alichomwa juu ya wavu kama huo, ingawa baadhi ya wanahistoria wanaona kwamba yaelekea alikatwa kichwa. Nami naona hoja yao ina uzito. Hata hivyo wavu ndio uliobaki kuwa alama yake, na nyua za El Escorial, jumba lililojengwa Hispania kati ya 1563 na 1584 kwa heshima yake, husemwa kuwa zimepangwa kwa mfano wa fito hizo.