Kabla hujanunua suti ya mbizi, vuta pumzi

Suti yangu ya kwanza ilikuwa na zipu mgongoni. Niliinunua kwa mtu aliyekuwa anaachana na mbizi za mtungi wa hewa, na kwa kuwa ilinikaa vizuri mbele ya kioo, sikuuliza zaidi. Wiki ya kwanza ya mazoezi ya kuzamia kwa pumzi moja nilikuwa wa kwanza kutoka majini kila siku, meno yakigongana, huku wenzangu wakiendelea kushuka na kupanda kamba kana kwamba wamejifunika blanketi. Nikajiona mwoga wa baridi. Kumbe kila nilipoinama kichwa chini ili nizame, maji mapya yaliingia kwenye zipu, yakanitambaa uti wa mgongo na kuondoka na joto lote nililokusanya.

Maji hupitisha joto takriban mara 25 zaidi kuliko hewa. Mzamiaji wa mtungi akipata baridi atanung'unika, lakini bado ana hewa mgongoni. Sisi baridi inatuibia kile kile tulichoshuka nacho: mwili unaotetemeka unachoma oksijeni, misuli ya kifua inakaza, na ile hali ya kulegea uliyoitafuta kwa dakika tano juu ya boya inapotea. Ndiyo maana suti za mbizi ya pumzi moja hushonwa tofauti. Nyingi ni vipande viwili, suruali na koti lenye kofia iliyoungana nalo, bila zipu. Ndani mara nyingi hazina bitana. Ni neopreni (mpira laini kama sponji) tupu yenye vitundu vidogo vinavyong'ang'ania ngozi, hivyo maji hayapati pa kupita.

Lakini hayo yote hayana maana kama saizi si yako, na hapo ndipo nilipokosea mara ya pili.

Nilikuwa nimeambiwa suti lazima ibane. Nikanunua inayobana kweli kweli. Siku ya kwanza mwalimu alinitazama nikihangaika kuinua mikono, akaniuliza, "Wewe umeivaa suti, au suti imekuvaa?" Nilicheka, ila majini sikucheka. Nilipojaza mapafu, mbavu zilifika mahali zikagota. Pumzi yangu ya mwisho kabla ya kuzama ilikuwa fupi kuliko ile niliyokuwa nayo nikiwa na fulana tu. Shingoni ndiko kulikonitisha zaidi: nikiwa nimetulia juu ya maji, kichwa kilianza kuwa chepesi kabla hata sijabana pumzi. Kwenye mishipa mikubwa ya shingo kuna sehemu zinazopima shinikizo la damu. Zikiminywa, mwili hudhani shinikizo limepanda na moyo unapunguza mwendo. Kwa anayejiandaa kubana pumzi, huo si mchezo. Kola ikikufanya uone kizunguzungu, irudishe dukani, usiiombee ilegee.

Basi pima hivi. Ukishavaa, usikimbilie kioo. Simama, vuta pumzi taratibu kuanzia tumboni, jaza kifua mpaka mwisho, kisha rudia mara tatu. Unapaswa kuhisi suti ikikukumbatia, lakini isikuzuie kufika mwisho wa pumzi. Nyoosha mikono yote miwili juu ya kichwa, kama unavyoshuka kufuata kamba, na ukae hivyo kidogo. Mabega yakianza kuuma ukiwa nchi kavu, ukiwa chini hali haitakuwa bora. Halafu lala chali dakika kumi. Watu huniona kichaa nikifanya hivi dukani, waache.

Baada ya hapo tafuta mapengo: bondeni mwa mgongo juu ya kiuno, kwapani, kwenye kinena, na chini ya kidevu. Ukiweza kuifinya suti ikatoka mbali na ngozi, au ukiona imefanya mikunjo mikubwa, inapwaya, na maji yatakaa hapo. Mgongo wa chini ndio msaliti mkubwa, hasa kwa wenye kiuno chembamba na nyonga pana. Kofia ishike mashavu bila kukufunga taya. Na ukiingia majini, vuta kofia kidogo maji yapite masikioni. Hewa ikinaswa kati ya kofia na sikio, kusawazisha shinikizo la masikio kunaweza kuwa shida.

Usiamini herufi ya saizi. M ya kiwanda kimoja ni L ya kingine. Chukua utepe wa fundi cherehani, pima kifua, kiuno, nyonga, paja, shingo na urefu, kisha linganisha na jedwali la kiwanda husika. Ukiangukia kati ya saizi mbili, mimi nasema kifua kiamue, maana suruali na koti mara nyingi huuzwa kwa saizi tofauti. Kama mwili wako hauendani na jedwali lolote, suti ya kupimiwa inastahili gharama yake. Na nunua kwa mwili ulio nao leo, usinunue kwa ule unaopanga kuupata.

Unene unategemea maji na zoezi. Kwa maji ya vuguvugu ya nyuzi 26 kwenda juu, milimita 2 au 3 zinatosha wengi. Yakishuka kuelekea 20, milimita 3 hadi 5. Chini ya hapo, 5 hadi 7. Ila anayelala kifudifudi bwawani kufanya zoezi la kubana pumzi akiwa ametulia atapata baridi hata kwenye maji ambayo waogeleaji wanayaona ya joto, kwa sababu hasogei. Mimi hupendelea kuwa na joto kidogo kupita kiasi.

Kuna bei ya kulipa kwa unene, hata hivyo. Neopreni ina viputo vya gesi ndani, navyo ndivyo vinavyokupa joto na kukufanya uelee. Kwenye mita 10 shinikizo huwa maradufu, gesi inasinyaa hadi karibu nusu ya ujazo wake, na suti inakuwa nyembamba, baridi, na haikubebi tena kama juu. Suti nene hukulazimisha ufunge mkanda wenye vipande vingi vizito vya risasi kiunoni ili uweze kuanza kushuka, kisha vipande hivyo hivyo vinakuvuta chini kwa nguvu ukiwa kina kirefu. Kila ukibadilisha suti, pima mkanda upya ukiwa na mwenzako: ulenge usawa wa kutoelea wala kuzama kwenye mita 10 au chini zaidi, na juu ya maji uendelee kuelea hata baada ya kutoa pumzi.

Suti isiyo na bitana haivaliki ikiwa kavu. Changanya maji ya vuguvugu na kondishena ya nywele kidogo, mwaga ndani, itateleza. Kata kucha kwanza, na uvute kwa nyama za vidole. Mimi nilichana suti yangu ya tatu begani siku ya pili tu, nikaiziba kwa gundi ya neopreni, na kovu lipo hadi leo. Isuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi, ianike kivulini, usiikunje.

Hiyo ya tatu ndiyo ninayovaa bado. Mwaka wa nne niligundua nazama upesi kuliko zamani, nikaondoa kilo nzima kwenye mkanda: viputo vimechoka kwa kubanwa kila siku. Sasa ni suti ya bwawani.