Siku za mkopo kwenye MySQL zinatoka 73 badala ya 2

Kaka hiyo 73 wala sio database imeharibika, ni vile umetoa tarehe_kulipa - tarehe_mkopo moja kwa moja, MySQL (programu ya database) inazigeuza tarehe kuwa namba za kawaida, yaani 1 Machi 2024 aliyolipa ni 20240301, kutoa 28 Februari aliyokopa ni 20240228, piga kwenye kalkuleta utaona inakuja 73 kweli. Andika DATEDIFF(tarehe_kulipa, tarehe_mkopo), hiyo ndo inahesabu siku kati ya tarehe mbili, tarehe ya mwisho inatangulia, ukigeuza unapata hasi. Itakupa 2 maana Februari 2024 ilikua na siku 29, na hilo inalijua yenyewe.

Sasa hapa ndo pa kuangalia sana, DATEDIFF haijali saa kabisa. Mteja akichukua hela saa 5:50 usiku akarudisha saa 6:10 usiku huohuo, dakika 20 tu, inahesabu siku 1 na wewe unamkata riba ya siku nzima, mi naona sio haki. Kama mlikubaliana masaa 24 kamili na kolamu zako zinatunza saa pia, tumia TIMESTAMPDIFF(DAY, tarehe_mkopo, tarehe_kulipa), inahesabu siku zilizotimia masaa 24 tu, na hii inaanza na tarehe ya mwanzo, usichanganye.

Wasiolipa bado watakutolea NULL, yaani hakuna jibu kwa vile tarehe_kulipa iko tupu, kwenye DATEDIFF badala ya tarehe_kulipa weka IFNULL(tarehe_kulipa, CURDATE()), ikiwa tupu itatumia tarehe ya leo.