Kiungo kifanye kazi yake sufuriani

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza kama viungo vya kawaida vya jikoni vinaweza kutuliza uvimbe mwilini, au watu wanajifariji tu. Nasema vinaweza, kwa kiasi chake, na kiasi hicho kimo kwenye chakula kinachopikwa vizuri siku baada ya siku. Hakimo kwenye kijiko cha unga kinachobugiwa asubuhi wala kwenye chupa ya vidonge. Nampikia mzazi mwenye baridi yabisi, kwa hiyo jambo hili nimelifuatilia kwa sababu linamhusu mtu ninayempenda.

Kwanza tuelewane ni uvimbe upi. Celsus, mwandishi wa Kirumi wa karne ya 1, aliutaja kwa dalili 4: wekundu, kufura, joto na maumivu. Hayo unayaona ukijikata kidole, na ni kinga: damu inakimbilia pale, seli nyeupe zinafanya kazi yake, kisha mambo yanatulia. Unaotutesa ni ule usiotulia. Unakaa chini kwa chini miaka na miaka, na unahusishwa na maradhi ya moyo, kisukari cha aina ya 2 na baadhi ya maradhi ya vifundo. Daktari anaweza kuubaini kwa kipimo cha damu cha CRP, protini iliyogunduliwa mwaka 1930. Sigara, usingizi haba, mafuta mengi tumboni na vyakula vya sukari tele huuchochea. Anayekula hivyo kila siku kisha akanyunyiza manjano juu yake ameacha chanzo kikiwa palepale.

Nianze na manjano, maana ndiyo yanayosifiwa kuliko viungo vyote. Sifa hiyo inatokana na kurkumini, ile rangi inayong'ang'ania vidoleni. Utafiti uliofanywa Thailand na kuchapishwa mwaka 2014 uliwahusisha wagonjwa 367 ambao gegedu za magoti yao, zile zinazokinga mifupa isisuguane, zimelika. Wengine walipewa miligramu 1,500 za dondoo la manjano, yaani kiini kilichotolewa na kukolezwa, kwa siku, wengine miligramu 1,200 za ibuprofeni. Baada ya wiki 4, nafuu ya makundi yote mawili ilikaribiana, na waliotumia manjano walisumbuliwa kidogo na tumbo kuliko wenzao. Habari nzuri, ila tusome vizuri: lile lilikuwa dondoo, si unga. Unga wa kawaida wa manjano una kurkumini kama asilimia 3 hivi. Kijiko cha chai hubeba gramu 3, yaani kama miligramu 90 za kurkumini. Ili ukifikie kiwango cha utafiti ule ungehitaji zaidi ya vijiko 10 kwa siku, na chakula hicho hakuna atakayekiweza.

Hata hizo miligramu 90 haziingii zote kwenye damu. Utumbo na ini huibadilisha kurkumini haraka na kuitoa. Mwaka 1998 watafiti wa India waliwapa watu gramu 2 za kurkumini pamoja na miligramu 20 za piperini, kiini cha ukali wa pilipili manga, na kiasi kilichofika kwenye damu kiliongezeka kwa asilimia 2,000. Tena kurkumini haiyeyuki kwenye maji, inayeyuka kwenye mafuta. Ndiyo maana yale manjano ya kukoroga kwenye glasi ya maji matupu mimi sina imani nayo. Yatie kwenye mafuta pamoja na kitunguu, moto mdogo, yasiungue maana yakiungua yanakuwa machungu. Pilipili manga isage hapo hapo, uitie mwishoni ili harufu isipotee.

Sasa, ikiwa kipimo cha jikoni ni kidogo hivyo, kwa nini bado naunga chakula kwa imani? Kwa sababu ya utafiti mwingine, ambao kwa maoni yangu unalijibu swali lenu kuliko huo wa dondoo. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Penn State, Marekani, waliwalisha wanaume 12 wenye uzito uliozidi mlo uliojaa mafuta na wanga. Kila mmoja aliula kwa nyakati 3 tofauti: bila viungo, na gramu 2 za viungo, na gramu 6. Mchanganyiko wenyewe ulikuwa wa vitu vya kawaida: mdalasini, giligilani, bizari nyembamba, tangawizi, pilipili manga, pilipili nyekundu, manjano na majani kadhaa ya kunukia. Mlo mzito wa aina ile huamsha uvimbe kwa saa kadhaa baada ya kuliwa. Baada ya mlo wenye gramu 6, seli za damu za watu wale zilitoa kwa uchache zile saitokini, protini za kupelekeana ujumbe, zinazochochea uvimbe. Watu 12 ni wachache, na saa chache si miaka, hilo nalikubali. Lakini angalieni kilichopimwa: si kidonge, ni chakula kilichoungwa, kwa kipimo ambacho mkono wa mpishi unakifikia bila shida. Gramu 6 ni takriban kijiko kimoja cha mezani kwa sahani ya mtu mmoja. Na hapo ni viungo vingi vikiwa pamoja, si nyota mmoja anayesifiwa peke yake.

Kuna faida nyingine isiyotajwa sana, na kwangu ndiyo kubwa kuliko zote. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima atumie chumvi isiyofikia gramu 5 kwa siku, na wengi wetu tunapita hapo. Nchini Marekani, mtafiti Cheryl Anderson na wenzake waliwafundisha watu kupika kwa viungo na mimea ya kunukia badala ya chumvi. Waliofundishwa walitumia sodiamu, ile iliyomo kwenye chumvi, pungufu kwa karibu gramu 1 kwa siku kuliko walioachwa wajitegemee. Hiyo ni kama gramu 2.5 za chumvi, nusu ya kiwango chote kinachoshauriwa! Maharage yaliyoungwa kwa bizari, tangawizi na kitunguu saumu hayaombi chumvi nyingi. Na mboga ikinukia, mzee anaongeza mwenyewe, akaacha nyama ya kukaanga bila kubembelezwa. Nadhani sehemu kubwa ya msaada wa viungo inapitia njia hii.

Kitunguu saumu kinataka subira. Kikiwa kizima hakina alisini, kile kiini cha harufu na ukali wake. Inazaliwa unapokiponda, kimeng'enya kilichomo, yaani kichocheo chake cha asili, kinapokutana na kiini kingine cha humo humo. Moto hukiua kimeng'enya hicho. Basi ponda kwanza, kiache kama dakika 10, ndipo ukitie kwenye mafuta. Tangawizi mbichi ina jinjeroli, kiini cha ukali wake. Ikikaushwa, sehemu yake hugeuka shogaoli, ambayo ni kali zaidi, kwa hiyo mbichi na ya unga zote zina nafasi yake. Kwenye maabara viini hivi huzuia vimeng'enya vinavyotengeneza prostaglandini, kemikali za mwili zinazoleta uvimbe na maumivu, njia ile ile ambayo mwanasayansi John Vane alionyesha mwaka 1971 kuwa aspirini huizuia, kazi iliyompatia Tuzo ya Nobel mwaka 1982. Nasisitiza, kwenye maabara. Kipande cha tangawizi kwenye mchuzi si aspirini.

Pilipili kali nayo hugusa kipokezi cha joto kwenye neva, ambacho mwanasayansi David Julius alikibaini mwaka 1997 kwa kutumia kapsaisini, kiini cha ukali wa pilipili hiyo. Krimu za kapsaisini hupakwa kwenye goti linalouma na husaidia baadhi ya watu. Karafuu ina yujenoli, ambayo madaktari wa meno wameitumia miaka mingi kutuliza maumivu. Kwenye chakula, chembe 2 au 3 zinatosha.

Mdalasini ndio ninaoutolea tahadhari. Aina ya kasia, ile yenye gome nene gumu, ina kumarini, kemikali ya asili ambayo ikizidi inaweza kuliumiza ini la mtu ambaye mwili wake hauistahimili. Wataalamu wa Ujerumani wameweka kiwango cha gramu 2 hivi kwa siku kwa mtu wa kilo 60. Mdalasini wa Ceylon, wenye tabaka nyingi nyembamba zilizojiviringisha pamoja, una kumarini kidogo mno. Anayetumia kila siku atafute huo.

Manjano nayo nunueni mizizi mikavu msage wenyewe mkiweza. Mwaka 2019 watafiti wa Stanford walionyesha jinsi manjano yalivyokuwa yakitiwa kromati ya risasi, rangi ya njano yenye madini ya risasi, nchini Bangladesh ili yang'ae, na risasi ni sumu kwa ubongo wa mtoto.

Vidonge ndivyo vinavyonitia hofu zaidi. Mwaka 2022 madaktari wa Marekani wanaofuatilia maini yanayoumizwa na dawa waliripoti wagonjwa 10 walioumizwa na vidonge vya manjano, na baadhi ya vidonge vile vilikuwa na piperini. Ile ile inayoipitisha kurkumini inaweza kupitisha na dawa nyingine kupita kiasi. Anayetumia warfarini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, mwenye mawe kwenye kibofu cha nyongo, au anayesubiri upasuaji, asianze vidonge vya manjano, tangawizi wala kitunguu saumu kabla ya kuzungumza na daktari. Kiasi cha kuungia mchuzi kwa kawaida hakina shida.

Na kwa wenzangu wenye mgonjwa wa baridi yabisi nyumbani: msimwachishe dawa kwa sababu maumivu yamepungua. Maradhi haya yanaweza kuendelea kula mifupa na gegedu hata siku ambazo mtu anatembea vizuri, na hakuna kiungo kilichothibitishwa kuzuia hilo kama dawa zake zinavyozuia. Sisi humweleza daktari kila kitu anachokula mzee, pamoja na viungo, na dawa zake anameza baada ya chakula kama alivyoelekezwa.