Miguu ya mtoto si ya kocha

Mwanangu Neema,

Ujumbe wako nimeusoma, nikamsomea na mama yako. Umeuliza kama uache mashindano sasa uwachukue wale watoto wa Ngaramtoni uwafundishe mbio, au ujaribu msimu mmoja zaidi wa mita 1500, goti likikubali. La goti kamwone daktari. Mimi nataka tuzungumze habari ya wale watoto.

Unayakumbuka mashindano ya UMITASHUMTA, yale ya shule za msingi, ulipokuwa darasa la sita? Asubuhi ulikimbia mita 800 ukashinda. Mchana ukakimbia 1500. Jua limewaka, tumboni una andazi tu, mara yule mwalimu anakuja na filimbi yake iliyofungwa kwa kamba ya kiatu, anasema kwenye kupokezana vijiti amepungua mtu. Ulianguka kona ya mwisho, kijiti kikabingirika hadi kwenye nyasi, naye akakikimbilia kijiti. Kijiti, Neema! Wewe uko chini, changarawe zimekuingia gotini, na ni goti hilohilo. Sisemi ndiko lilikoharibikia. Wewe ulimsamehe jioni ileile. Mimi bado.

Wakati mwingine najiuliza kama namwonea. Alikuwa peke yake na kundi zima la watoto, na huko juu wanadai kombe. Pengine angekuwa na msaidizi angekuona. Lakini hapana. Miguu ya mtoto si ya kocha. Nimelisema hili nyumbani mpaka mmelichoka, na nitalisema tena.

Kinachoniudhi ni kwamba watu hutaja ushujaa wakahalalisha mambo kama yale. Sisi tumekua na habari za Filbert Bayi, kijana wa Karatu, alivyoongoza karibu mbio nzima ya mita 1500 kule Christchurch mwaka 1974, John Walker wa New Zealand akimfukuza, akamaliza kwa dakika 3 na sekunde 32, rekodi ya dunia. Basi kila mtoto mwenye mbio akawa anaambiwa atoke mbele kama Bayi. Bayi alikuwa na miaka 20 siku ile, ameshaiva! Mtoto wa miaka kumi na miwili mifupa yake bado inakua.

Halafu nakumbuka ile likizo uliyomfundisha mdogo wako Eliya kukimbia, kwenye njia ya migombani. Ulikaa nyuma yake, hukumtangulia. Kila alipotaka kufyatuka ulimwambia akusimulie hadithi huku anakimbia. Pumzi ikimkatika, mnapunguza mwendo. Alirudi anacheka, anauliza kesho saa ngapi. Nilisimama pale mlangoni nikafurahi kuliko medali zako zote, na hilo sikuwahi kukwambia.

Naona nimeshaanza kukuamulia, na mama yako amenikataza. Yeye anaona ukiacha kukimbia na hamu bado unayo, hamu hiyo utaipeleka kwa watoto wa watu, uwakimbize mbio ulizotaka kukimbia mwenyewe. Nimebishana naye tangu jana. Mtu aliyemfundisha Eliya vile hawezi kufanya hivyo, ndivyo nilivyomwambia. Lakini Eliya hakuwa na kombe la kuleta, akanijibu, na hapo nikakosa la kusema.

Jibu langu ninalo, Neema, na kulinyamazia ni kazi. Ukija Pasaka niulize tena.

Baba yako