Pengo si sifuri: niliyoyapata kwenye kolamu za hesabu

Mzee alinikuta nafungua mlango wa ofisi. Hata shikamoo yake sijaimaliza, karatasi ya malipo iko mkononi. "Mwanangu, mwezi mzima nimeleta maziwa hapa. Leo imekuwaje sina kitu?"

Kweli, mbele ya jina lake palikuwa peupe. Hata sifuri haikuwepo.

Wakati huo nafanya hesabu za kikundi cha wafugaji huku Tanga, na ndiyo kwanza nimehamishia daftari la mapokezi kwenye Excel, nalisafisha kwa Power Query, kifaa cha kuandaa data kilichomo ndani ya Excel. Jedwali lina tarehe, namba ya mfugaji, lita za asubuhi na lita za jioni. Nikaongeza kolamu ya hesabu, nikaiita Jumla, fomula yake [Asubuhi] + [Jioni]. Nani angekosea hapo?

Kumbe yule mzee anakamua mara moja kwa siku. Kisanduku chake cha jioni kiko wazi siku zote, na kwa Power Query kisanduku kilicho wazi ni null, yaani hakijulikani. Jumlisha 8 na kisichojulikana, jibu nalo halijulikani. Kwenye karatasi ya kawaida ya Excel pengo lingehesabiwa sifuri, ukapata 8 yako. Ukivuka kuingia Power Query sheria inabadilika, na hakuna anayekustua.

Tena mzee ndiye aliyekuwa na nafuu, maana aliona peupe akaja juu. Tatizo ni wale wanaoleta mara mbili ila wakakosa jioni tatu nne. Siku hizo hata lita zao za asubuhi zilimezwa. Nilipojumlisha mwezi kwa kila mfugaji, zile null zikarukwa kimyakimya, ikatoka namba nzuri tu, pungufu. Hao hawakuja kulalamika. Ilibidi niwatafute mmoja mmoja, daftari mkononi.

Siku hizi naandika hivi: ([Asubuhi] ?? 0) + ([Jioni] ?? 0). Zile alama mbili za kuuliza maana yake, kama hakuna kitu chukua sifuri. Utashawishika kurahisisha mambo kwa kujaza sifuri kwenye kolamu zenyewe za asubuhi na jioni. Usifanye. Pengo la daftari lina habari yake: pengine hakukamua, pengine maziwa yalikataliwa kwenye kipimo, pengine karani alisahau. Ukishajaza sifuri, habari zote tatu zimekuwa moja. Iache kolamu ya asili kama ilivyo, pengo ulitibu ndani ya kolamu mpya.

Fomula ndefu nazo nimeziacha. Jumla, halafu Mapato, halafu Makato, halafu Malipo, kila moja na kolamu yake fupi. Mfugaji akihoji, namwekea kidole palepale. Kila kolamu mpya ipe aina yake ya data, maana fomula ukiiandika mwenyewe, kolamu huzaliwa haina aina. Na kama unakadiria senti, jua kwamba Number.Round ya Power Query ikiachwa hivihivi huipeleka 2.5 kwenye 2, wakati ROUND ya Excel inatoa 3. Iongezee RoundingMode.AwayFromZero, mgombane na mhasibu kwa mambo mengine.

Kolamu iliyonipa raha ni ya saa. Karani wetu anaandika saa za Kiswahili: maziwa yamepokelewa saa 1. Kompyuta inaelewa saa 7 usiku. Nikaweka Number.Mod([Saa], 12) + 6, yaani baki la saa ukigawa kwa 12, ongeza 6. Saa 1 ikawa 7, saa 10 jioni ikawa 16, na saa 12 asubuhi ikawa 6, kwa sababu Mod huirudisha 12 kuwa sifuri kabla ya kuongeza. Nikajiona fundi, mpaka nilipofika saa 12 jioni. Nayo ikatoka 6, maziwa ya jioni yakaonekana yamefika alfajiri, kabla hata ng'ombe hajakamuliwa.

Kwa hiyo sasa karani anaweka A au J mbele ya saa, kwenye kolamu yake, na fomula yangu imeongezeka if moja. Hajafurahi. Anasema kama kompyuta ina akili kiasi hicho, asubuhi na jioni izijue yenyewe.