Mpaka uko kwenye shina, si kwenye tawi

Nilipoanza kupima mashamba kwa droni huku Newala, kusini mwa Tanzania, niliamini picha ya angani peke yake inatosha. Shamba la kwanza la korosho likanifundisha vingine. Nilirusha, nikaunganisha picha, ramani ikatoka safi, na mpaka nikauchora kwa kufuata ukingo wa majani. Mzee mwenye shamba aliitazama skrini kimya, akanishika mkono hadi chini ya mkorosho, akafukua majani makavu kwa fimbo. Bikoni, jiwe la kuonyesha mpaka, ilikuwa pale, imepauka, mita nne ndani ya mstari wangu.

"Mwanangu, mpaka uko kwenye shina, si kwenye tawi."

Matawi ya mkorosho huinama hadi karibu na ardhi, na kamera ya juu haipenyi. Kwa hiyo, kabla ya kuwasha droni, zunguka shamba lote na mwenyewe pamoja na majirani anaopakana nao. Kila bikoni ipige picha mbili kwa simu: ya karibu, namba isomeke, ya mbali, ionekane pamoja na kitu kisichohama, kama mbuyu au kona ya nyumba. Majani yakizuia mawimbi ya setilaiti, pima pointi mbili palipo wazi, kisha vuta futi kamba kutoka kila moja hadi kwenye bikoni.

Ukiruka mita 100 juu, kamera nzuri hukupa pikseli, yaani nukta moja ya picha, ya sentimita 3 hivi ardhini. Wengi hudhani huo ndio usahihi. Usahihi unatokana na alama unazoweka chini na kuzipima kwa kipokezi cha setilaiti: nne pembeni, moja katikati, na mbili zaidi usizoziingiza kwenye hesabu, za kukagulia tu. Kwenye udongo mwekundu chokaa inatosha. Kwenye mchanga mweupe wa Mikindani haionekani, tandika turubai jeusi. Picha zipishane asilimia 80 mbele na 70 ubavuni, maana mikorosho hufanana mno na programu huchanganyikiwa. Kusi ikivuma, subiri itulie.

Ramani nyingi za zamani ziko kwenye Arc 1960, mfumo wa zamani wa kutaja mahali kwa namba, kipokezi chako kinasoma WGS 84, mfumo wa setilaiti. Ukizichanganya, shamba linahama takriban mita 300.

Kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga kiwe mkononi, na mtendaji wa kijiji aijue siku yako.

Shamba la yule mzee nililirudia kwa siku mbili, shina kwa shina. Jirani yake alisaini kuukubali mpaka jioni ya siku ya pili, chini ya mkorosho uleule.