Wewe unayeanza kuhamasisha chanjo mtaani, rudi kesho yake

Ndugu yangu unayeanza kazi hii ya kujitolea, nakuandikia kutoka Nyalenda, Kisumu, nilikozunguka nyumba kwa nyumba mwaka 2021 wakati wa Korona.

Kenya ilipokea shehena ya kwanza ya chanjo ya AstraZeneca tarehe 3 Machi mwaka huo, dozi milioni moja na ushei. Mimi nilidhani kazi yangu ni kuhubiri. Nyumba ya kwanza nilimwaga yote niliyofundishwa. Dani mwenye nyumba, yaani bibi mzee kwa Kijaluo, alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Hii si kama ile ya pepopunda?" Nikamjibu harakaharaka kwamba hizo ni porojo. Akanishukuru, akaendelea kuchambua omena. Kituoni hakuja.

Baadaye ndipo nilipolielewa swali lake. Mwaka 2014 maaskofu Wakatoliki nchini walipinga hadharani chanjo ya pepopunda, wakidai ina kitu cha kuzuia uzazi. Wizara ya Afya na Shirika la Afya Duniani zikakanusha. Dani alikuwa na mabinti wa kuzaa wakati huo, na habari hizo alizisikia kanisani, kwa watu anaowaheshimu. Mimi nikaziita porojo mlangoni pake! Siku hizi nauliza kwanza, "Mama, umesikia nini?" Halafu nanyamaza. Kunyamaza ni kugumu kuliko kusema, jizoeze.

Lakini kazi yenyewe hasa iko baada ya sindano. AstraZeneca iliwaletea wengi homa, kutetemeka na maumivu ya mkono kwa siku moja au mbili. Mwambie mtu kabla hajachanjwa, usimfiche, kisha kesho yake rudi umjulie hali. Fundi mmoja wa bodaboda nilimkuta saa nne asubuhi amejifunika blanketi, mkewe kanuna, majirani watatu wako nje kwenye benchi wanangoja kuona kama atakufa. Nikakaa nao. Mkewe akampa uji na dawa ya maumivu. Kufikia jioni ya siku iliyofuata alikuwa amerudi kwenye pikipiki zake. Wale majirani watatu walijipeleka wenyewe kuchanjwa, na sikuwa nimewahubiria neno hata moja.

Ahadi nazo ziangalie. Tuliwaambia watu warudi kwa dozi ya pili baada ya wiki 8. India ikazuia chanjo zake kupelekwa nchi za nje, dozi zikaadimika, muda ukasogezwa hadi wiki 12. Mama mmoja alifunga kibanda chake sokoni Kibuye, akalipa nauli, akaambiwa hakuna. Macho aliyonitazama nayo bado nayaona. Tangu hapo simtumi mtu kituoni kabla sijapiga simu asubuhi. Na mkumbushe kitambulisho.

Mwezi Juni, kirusi cha Delta kiliposambaa na kaunti 13 za huku kwetu zikawekewa kafyu ya saa moja jioni, matanga yaliongezeka na foleni zikarefuka. Kuna wenzetu waliokwenda matangani kusema, "Angechanjwa asingekufa." Usifanye hivyo kamwe. Nenda ukapike, ukateke maji.

Kwa dani nilirudi mara nyingi, mara nyingine bila kuitaja chanjo. Septemba, chanjo ile ya Johnson & Johnson ya dozi moja ilipofika, alinitumia mjukuu wake aniite. Tulikaa foleni pamoja, mimi nimemshikia leso.